Mgonjwa wa Kitanda cha Chini

Naif, Dubai
12 Januari 2025

Mwanangu Yuliana,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla ya kufungua. Na kwa Sista mlezi wako, ambaye naambiwa hufungua barua za manovisi na kuzisoma kwanza: shikamoo Sista, kaa kitako, barua ni ndefu na mwandishi aliishia darasa la nne.

Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika, la kushoto linalisikiliza. Bado nashona sare za wahudumu wa hoteli. Wiki hii nimepunguza suruali thelathini na mbili za vijana wembamba kuliko sindano zangu. Mwambie shangazi yako Jecinta kahawa yake imefika, ila aliyeibeba aliionja njiani. Barua hii anaibeba Mama Terry wa Mwanza, anayekuja hapa Naif kununua mashuka, naye ataipakia basi la Karagwe. Wamekunyang'anya simu mwaka mzima kama mfungwa, eti ndiyo unovisi. Mimi nilidhani barua zimekufa, kumbe zilikwenda utawani.

Sasa jambo lenyewe. Nimempata Naftali.

Usiikunje. Ndiyo, Naftali mdogo wangu, baba yako. Miaka tisa tumekuwa mji huu mmoja, yeye kule Al Mankhool akisafisha korido za hoteli, mimi huku ng'ambo ya maji, na hakuna aliyemtafuta mwenzake. Mimi nilikuwa na hasira naye. Yeye sijui alikuwa na nini. Mwezi uliopita mtu wa Kigoma alinifuata cherehani, akasema kuna mzee wa kwenu amelala chumba cha watu, hana wa kumgeuza. Ini limekwisha. Hospitalini walimtibu mpaka dawa zikafika mwisho wake, na daktari amesema ndege hataiweza.

Nimemleta chumbani kwetu. Tuko wanane, vitanda vya kupandana. Nimempa changu cha chini, mimi na goti langu tumehamia cha juu, na kila nikipanda, Mubin, yule Mbengali anayetupangisha, anafumba macho asione nikianguka.

Naftali hajui kama nakuandikia. Nasema uongo. Anajua, ndiye aliyeniuliza kama una mwandiko mzuri. Macho yake hayasomi tena. Mwandikie mistari miwili. Hata ukitaka kumtukana, mtukane kwa mwandiko mzuri, nitamsomea.

Baba yako mkubwa,
Zephania


Nyumba ya Unovisi, Karagwe
23 Februari 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatano. Sista Doris aliisoma, akanikabidhi huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Shangazi Jecinta hajambo. Mnyauko umeingia kwenye migomba upande wa kisima, amekata mashina kumi na moja na kuyachoma, na siku ile hakula. Mimi ni mzima. Asubuhi tunafanya kazi wodini, mchana tunasoma.

Nimepewa kuandika historia ya watawa wa kale waliokuwa wakiendesha hospitali, mabruda wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kwa kuwa unapenda hadithi, nakusimulia. Lilianzishwa miaka zaidi ya mia nane iliyopita, kusini mwa Ufaransa, na mtu aliyeitwa Guido. Papa wa wakati ule aliwapenda, akawapa hospitali kubwa Roma, kando ya mto. Walivaa joho jeusi lenye msalaba mweupe wa mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Kanuni yao iliwaagiza watoke mara moja kila wiki wakawatafute wagonjwa mitaani na kwenye viwanja, wawabebe, wawalete nyumbani. Hawakungoja mgonjwa aje. Akifika aliungama kwanza, kisha akapelekwa kitandani, na kuanzia hapo alihesabiwa kuwa bwana wa nyumba. Alikula kabla mabruda hawajala. Bruda alipoweka nadhiri alijitoa kwa Mungu na kwa mabwana zake wagonjwa, awe mtumishi wao siku zote za maisha yake.

Shirika letu limeyaazima maneno hayo. Tunayasema kila asubuhi kabla ya kuingia wodini.

Upande wa mabruda, shirika lile lilivunjwa karne ya kumi na tisa. Walikuwa wamebaki wachache. Sijui kwa nini hilo limenihuzunisha, watu wenyewe siwajui.

Nakuombea goti lako.

Mwanao,
Yuliana


Naif, Dubai
16 Machi 2025

Mwanangu mtawa,

Barua yako imefika kwenye fuko moja na dagaa wa Mama Terry. Inanuka ziwa. Nimeinusa mara mbili kabla ya kuisoma, na mara moja baada ya kuisoma. Pole ya migomba. Huku ni Ramadhani. Nassir, yule fundi plasta wa Tanga, anafunga yeye na anatufungisha sisi kwa macho yake. Nikishika andazi mchana ananiambia, mzee, kula tu, mimi sikuoni, na anaendelea kuniona.

Hao mabruda wako nimewapenda, ingawa sisi Walutheri tulifundishwa kuwaogopa. Ila nina maswali. Mtu anafika tumbo limemshika, wanamwambia aungame kwanza? Mimi ningehitaji wiki tatu na chakula cha katikati. Na hiyo ya kuokota wagonjwa barabarani, hapa Naif wangebeba mpaka viuno vikatike, na nusu ya waliobebwa wangekuwa watu waliopumzika tu.

Lakini mgonjwa kuwa bwana wa nyumba, hiyo tunayo. Huku bwana wa kazi huitwa arbab. Naftali alikuwa arbab tangu tukichunga mbuzi, mbuzi nilichunga mimi. Sasa analala pale chini anatuamrisha: mto, maji, zima hiyo, washa ile. Mubin amezoea, anamwitikia sir. Mwenye chumba anamwita mpangaji asiye na visa sir. Guido wako angefurahi.

Sasa na mimi niungame, na Sista Doris awe shahidi. Nilimsomea barua yako yote. Migomba, Roma, msalaba wa mikono miwili. Nilipomaliza akangoja. Akauliza, ndiyo basi? Nikaitazama karatasi. Uso wake, Yuliana, ulikuwa kama wa mtu aliyesimama dirishani kwa karani. Basi nikasoma: na mgonjwa msalimie sana, mwambie nakumbuka alivyonipakia kwenye baiskeli akiwa amelewa tukaingia kwenye shamba la maharage la mchungaji.

Hukuandika hivyo, najua. Lakini jambo lilitokea, na baiskeli ilikuwa yangu. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Alikuwa na njaa, nami nikampa kilichokuwepo.

Mgongo wake, hapa chini juu ya makalio, umeanza kuwa mwekundu na ngozi imelainika vibaya. Sijui tufanye nini. Sisi ni mafundi, tunajua nguo na plasta.

Mwandikie.

Baba yako mkubwa,
Zephania


Karagwe
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Shangazi amepanda maharage palipokuwa na migomba. Mvua imekuja vizuri. Sista Doris anakusalimu, anasema ungamo lako halikukamilika kwa sababu hukujuta.

Nimemaliza sura ya watoto. Kwenye ile hospitali ya Roma inasemekana palikuwa na kitu kama pipa la kuzunguka kwenye ukuta. Mama aliyeshindwa kulea alikuja, akamweka mtoto ndani, akalizungusha, akagonga kengele, akaondoka. Aliyepokea ndani hakuruhusiwa kumuuliza jina lake. Walioandika historia wanalisifu sana jambo hilo, kwamba hakuulizwa. Nimetafuta aliyeandika mtoto aliuliza nini alipokua. Sikumpata.

Baba Mkubwa, nakuomba kwa heshima: usinisemee. Hiyo baiskeli siikumbuki. Alipoondoka nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka ni mazishi ya Mama. Nilikuwa na kumi na mitano. Mama alikuwa sebuleni ndani ya jeneza, na wewe uliwaambia watu wangoje kwa sababu Naftali amesema anakuja. Tukangoja siku moja. Ukasema amekwama uwanja wa ndege, tukaongeza siku ya pili. Kila gari lililopunguza mwendo nilitoka nje. Siku ya tatu wazee wakasema mwili hauwezi kungoja tena. Wewe ulikuwepo, uliona. Mtu anaweza kusahau kuandika. Lakini kusema unakuja, kisha usije, hapo nimeshindwa, na nimejaribu mbele ya Sakramenti.

Kuhusu mgonjwa. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kulia, chali, kushoto, na muandike ukutani mlimlazaje mara ya mwisho. Msimburute kwenye shuka, mnyanyueni watu wawili. Palipo pekundu msipasugue, hata kama anawaomba. Maji ya uvuguvugu, kisha mkausheni kwa kugusagusa. Mto mmoja katikati ya magoti. Mwingine chini ya vigimbi, ili visigino vielee visiguse godoro. Akikataa chakula msimlazimishe. Lowesheni midomo kwa pamba. Ongeeni naye hata mkidhani amelala.

Yuliana


Naif, Dubai
18 Mei 2025

Mwanangu,

Sista Doris amesema kweli, sikujuta. Joto limeanza, ukuta ukiuegemea unakuegemea na wewe. Kofia ya mfumaji wetu mmoja imeibwa, tunamshuku kila mwenye kichwa. Salamu zangu kwa Jecinta na maharage yake.

Maagizo yako tunayafuata kama amri kumi. Mubin ameweka simu yake ilie kila saa mbili, na ikilia wote tunasimama, hata aliyetoka kazini sasa hivi. Nassir na mimi tunanyanyua. Ukuta umejaa: kulia, chali, kushoto, kwa mkaa wa Nassir, na Mubin ambaye ndiye atakayekatwa pesa na mwenye jengo kwa kuchafua rangi, ndiye anayekumbusha kama tumesahau kuandika. Ule wekundu umepungua. Visigino vinaelea kama vya malaika.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimepanga kumsomea barua yako kuanzia kwenye mgonjwa. Kule juu ningepita kimyakimya. Lakini nikiwa kazini, Naftali akamwomba Nassir amsomee tena yale ya kugeuzwa. Nassir ni mtu mwaminifu, hiyo ndiyo kasoro yake. Alianza na shikamoo akashuka nayo yote: pipa, baiskeli, jeneza, magari, uwanja wa ndege, mpaka jina lako.

Niliporudi niliwakuta wamekaa tu. Nassir akatoka bila viatu.

Naftali akaniambia, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Zile salamu. Zilikuwa na mzaha wako ndani. Mtoto wangu hawezi kunifanyia mzaha, hanijui."

 

Kuhusu mazishi hakusema kitu. Aliniangalia, akaniangalia, mimi nikaenda kuchemsha chai. Ilikuwa imeshachemka.

Tangu hapo kila asubuhi anataka nimsomee kipande kile kimoja, kuhusu mgonjwa. Kinaanza hapo, kinaishia kwenye pamba. Mwingine angeomba zaburi. Tukifika penye vigimbi ananiuliza, hiki alijifunza wapi? Namwambia wodini. Baada ya dakika anauliza tena. Sidhani kama amesahau. Nadhani anataka kusikia kwamba uko wodini.

Sikuombi mistari miwili tena. Umeandika kumi, na wewe huna habari.

Zile siku za mazishi tutazungumza. Si leo.

Baba yako mkubwa,
Zephania


Karagwe
15 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hatujambo. Shangazi ana kikohozi, si kikubwa.

Nimeikabidhi ile historia. Sista Doris aliuliza kwa nini ukurasa wa nadhiri nimeufuta na kuuandika upya mara nne. Nikamwambia ukweli. Kila asubuhi mlangoni mwa wodi tunasema tunajitoa kwa mabwana zetu wagonjwa, na tangu Februari nikifika pale midomo yangu inacheza tu, sauti haitoki. Siwezi kusema wagonjwa wote kisha nimtoe mmoja. Akaniuliza huyo mmoja nimewahi kumwambia nini. Nikasema, jinsi ya kuweka mto.

Basi nina neno la kumwambia. Ni swali, ndilo pekee nililonalo. Msomee hivi, usiongeze wala usipunguze:

Baba, kwa nini ulisema unakuja?

Yuliana


Naif, Dubai
20 Julai 2025

Yuliana,

Jecinta nilimpigia simu, kwa hiyo umeshaambiwa. Naftali alifariki Ijumaa tarehe nne, saa tano asubuhi, Nassir akiwa anaoga aende msikitini. Hakwenda. Tulimzika kwenye makaburi ya Wakristo kule Jebel Ali, watu saba, watatu wao Waislamu. Mchungaji aliuliza marehemu alikuwa na watoto. Mubin ndiye aliyejibu, akasema ndiyo, binti mmoja, daktari. Sikumsahihisha.

Barua yako ilifika Jumatatu ile, yeye bado yupo. Nilisoma kama ulivyotaka, bila kuongeza wala kupunguza, na sidhani kama niliwahi kufanya hivyo maishani. Nilipofika kwenye lile neno la kwanza, Baba, alisema nirudi nyuma. Nikarudi. Akasema tena nirudi. Mara ya tatu ndipo akaniruhusu nifike mwisho wa swali.

Akafumba macho. Kisha akasema, "Mwambie sina jibu litakalomtosha."

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo. Na usimtungie."

Sasa nakuambia alichokataa kukuambia.

Baba yako hakusema anakuja. Hakusema chochote, hata habari za msiba hakuwa nazo. Namba niliyokuwa nayo ilikuwa imeshakufa. Nilipiga siku nzima nyuma ya jiko, ikawa inaniambia maneno yaleyale kwa Kiarabu. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, kaka mtu, niseme ndugu yangu yuko wapi. Niliona aibu kusema sijui. Nikaingia ndani nikasema, nimempata, anakuja. Nilidhani kesho nitampata kweli. Kesho yake namba haikujibu, nikasema amekwama uwanja wa ndege. Uwanja huo niliutunga nikiwa nimesimama mlangoni, mikono mfukoni. Halafu nikakaa kitini nikakuona unatoka nje kwa kila gari. Nilikuona, Yuliana. Ungekuwa na uchungu hata bila mimi, lakini kule barabarani nilikupeleka mimi.

Yeye alikuja kujua habari za msiba mwaka uliofuata, kwa mtu wa Muleba aliyekutana naye kanisani. Ule ukimya wa miaka yote ni wake, na hakuukana hata siku moja. Alisema kila mwaka uliopita ulifanya mwaka wa kuandika uwe mgumu zaidi, na akasema hiyo si sababu. Lakini zile siku mbili si zake. Aligundua pale Nassir aliposoma, ndiyo maana aliniangalia. Akazibeba.

Nilimwambia, Naftali, nitamwandikia ukweli. Akanikatalia. Akasema, "Amebaki na wewe tu. Akikupoteza na wewe, atamwandikia nani?"

Ndiyo maana barua hii imechelewa wiki mbili. Nimekuwa nikimtii.

Kuna jambo jingine. Jumatano aliniuliza una miaka mingapi. Nikasema ishirini na sita. Akahesabu kwa vidole, akafika, akasema, basi siye niliyekuwa nikiongea naye. Nikamuuliza aliongea na nani. Akasema, kadogo, kenye gauni la shule.

Ijumaa nilikuwa nalowesha midomo yake. Akafumbua macho, akasema jina lako, waziwazi kabisa, kama anakuita kutoka nje. Kisha akasema maneno mengine, matatu au manne. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Niliinama mpaka sikio likamgusa, nikamwomba arudie. Hakurudia tena.

Ningeweza kukuandikia maneno hayo. Kichwani nimeshayapanga, ni mazuri, yanafanana naye, yangekutosha mpaka uzee wako. Kwa kazi hiyo hakuna anayenishinda.

Siyaandiki. Lilikuwa jina lako, na yaliyofuata sikuyasikia.

Zephania